Jumuiya ya WhatsApp kwa Watu wa Ajaili Afrika Mashariki: Mlango Mzuri, Ghala Bovu

Watu wa ajaili (kufanya kazi kwa hatua fupi na kurekebisha mpango njiani) wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Lubumbashi wanapotaka kuwa kitu kimoja, swali la kwanza huwa ni wapi pa kukutania. Jibu karibu kila mara ni WhatsApp, na mara nyingi hutolewa kabla mtu hajauliza jumuiya yenyewe itafanya kazi gani. Tathmini hii inahusu kipengele cha Jumuiya ambacho WhatsApp ilikileta Novemba 2022, kile kinachoweka makundi kadhaa chini ya paa moja na kuyapa kundi la pamoja la matangazo. Tumekipima kwa kazi moja: kuendesha jumuiya ya kitaaluma ya kanda yenye skramu masta (wanaoilea timu katika skramu, mojawapo ya taratibu za ajaili), wamiliki wa bidhaa (wanaoamua kipi kitengenezwe kwanza), watengenezaji wa programu, wapimaji, na wale wasimamizi wa miradi wa benki na mashirika wanaoanza kuachana na mipango ya mwaka mzima.

Alama zetu ni hizi. Kuwaleta watu: 9 kwa 10. Kuandaa vikao: 6. Kutunza maarifa: 2. Tofauti kati ya ile 9 na hii 2 ndiyo inayoua jumuiya nyingi, na haionekani mwaka wa kwanza.

Tuanze na ile 9, maana ni ya haki. Hakuna chombo kingine katika kanda hii ambacho mtu anacho tayari mkononi, anakijua, na hahitaji nywila mpya wala barua pepe ya kuthibitisha ili aingie. Linki moja inatosha. Ujumbe wa maandishi unapita hata bando likiwa limebaki kidogo. Kundi moja linabeba hadi watu 1,024, ambao kwa mji mmoja ni wengi kuliko utakaoweza kuwalea. Mtu wa idara ya mikopo huko Kampala, ambaye hatafungua akaunti kwenye mtandao asioujua kwa ajili ya kusikiliza habari za kanbani (kusimamia kazi kwa ubao na kuzuia zisirundikane), ataingia WhatsApp bila kusita. Jumuiya ya ajaili yenye watu wa programu peke yao ni nusu ya jumuiya, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Ufunguaji wenyewe una mtego mmoja mkubwa: laini. Jumuiya isifunguliwe kwa namba binafsi ya mtu mwenye shauku kuliko wengine, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Nunueni laini ya jumuiya, iwekeni kwenye simu ya akiba, washeni uthibitisho wa hatua mbili, na PIN waijue watu wawili. Simu hiyo iwashwe na WhatsApp ifunguliwe angalau mara moja kila wiki. Kuna sababu mbili. Vifaa vilivyounganishwa, yaani WhatsApp ya kwenye kompyuta, hutolewa simu kuu isipotumika kwa siku 14. Na akaunti isiyotumika kwa siku 120 hufutwa kwa kawaida. Laini nayo ikikaa kimya muda mrefu, kampuni ya simu huifunga na kumpa mtu mwingine namba hiyo. Hapo hakuna wa kumlalamikia.

Baada ya laini, muundo. Anzeni na kundi la matangazo, ambalo viongozi peke yao huandika, kundi moja kwa kila mji ulio tayari, kundi la kazi na kozi, na kundi dogo la waandaaji. Inatosha. Kosa la kawaida ni kufungua makundi kumi siku ya kwanza, moja la skramu, moja la kanbani, moja la makocha, moja la wanaoanza, kisha nane kati yake yanakaa kimya na kumfanya mgeni adhani jumuiya imekufa. Mji upewe kundi lake ukishapata mtu aliyekubali kwa kinywa chake kulilea; kabla ya hapo wawe wageni wa jirani. Ujirani huo usifuate mipaka ya nchi tu. Arusha iko kilomita 270 hivi kutoka Nairobi kwa kupitia Namanga, na zaidi ya 600 kutoka Dar es Salaam. Mtu wa Arusha anayetaka kuhudhuria kikao cha ana kwa ana ana njia fupi zaidi ya kwenda kwa Wakenya.

Kuhusu namba za simu, Jumuiya imeboresha jambo lakini haijalimaliza. Ndani ya kundi la matangazo, mwanachama wa kawaida haoni namba za wenzake ambao hawako naye kwenye kundi jingine. Akiingia kundi la mji, wote wa humo wanaiona yake. Matokeo yake yanajulikana: wanawake hupata ujumbe wa faraghani ambao hawakuuomba, na baadhi yao huondoka kimya kimya bila kusema sababu. Kanuni iandikwe kwenye maelezo ya kila kundi, kwa maneno yasiyopindapinda: hakuna kumwandikia mtu faraghani bila kumwomba ruhusa kundini kwanza, na anayesumbua anatolewa mara ya kwanza. Mpokea malalamiko mmoja angalau awe mwanamke. Jumuiya inayochelewa kufanya hivi hubaki ya wanaume, na si kwa sababu wanawake wa fani hii hawapo.

Sasa saa. Hapa ndipo vikao vingi vya kanda vinapoharibika, na chombo chenyewe hakina kosa. Ukiandika "tunaanza saa 1" kwa kundi lenye watu wa Dar na Nairobi, wengine wataelewa saa moja usiku, wengine saa 13:00 mchana, kwa kuwa ofisini wamezoea saa za kizungu. Ongeza kwamba Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa moja mbele ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na kwamba wapo wenzetu wa Muscat walio saa moja mbele yetu. Tangazo linalofanya kazi hutaja vyote: Alhamisi, saa 12:00 jioni (18:00) Nairobi, Dar na Kampala, saa 11:00 jioni (17:00) Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi, saa 1:00 usiku (19:00) Muscat. Ni mistari mitatu, na huokoa theluthi ya kwanza ya kikao ambayo ingeishia kwenye "mbona siwaoni?"

Lugha nayo itakuwa kama ilivyo mitaani. Dar itaandika Kiswahili, Kampala Kiingereza, Lubumbashi Kiswahili chao chenye Kifaransa ndani, Nairobi vyote na Sheng juu yake. Msilazimishe. Matangazo yatoke kwa Kiswahili na Kiingereza, maswali yaulizwe kwa lugha yoyote. Ila wekeni orodha moja ya istilahi ili sprinti (kipindi kifupi cha kazi) iwe sprinti na baklogi (orodha ya kazi zinazosubiri) iwe baklogi kwa wote. Mjadala mrefu kuhusu kama Daily Scrum, kikao kifupi cha timu cha kila siku, iitwe mkutano wa asubuhi hausaidii, hasa kwa timu inayoifanya saa tisa alasiri.

Kura za WhatsApp zinafaa kuchagulia mada ya mwezi. Kura moja inabeba majibu hadi 12. Orodhesha mada zisizozidi 8, ruhusu kuchagua zaidi ya moja, funga baada ya saa 48. Lakini kwa mpangilio wake wa kawaida wenzako wanaona umechagua nini, kwa hiyo isitumike kwa kikao cha kutazama nyuma, kile cha kujadili kazi ilivyokwenda. Swali kama "je, waandaaji wanasikiliza maoni yenu?" likiulizwa hadharani kwa majina, majibu yote yatakuwa ndiyo. Kwa hilo tumia fomu isiyouliza jina.

Vikao vya sauti na video ndivyo vilivyotoa ile 6. Simu ya kundi ya WhatsApp inaishia watu 32. Inatosha kwa waandaaji na kwa mji unaoanza. Kikao cha kanda kinahitaji mahali pengine, na mpango wa kikao utategemea mlango utakaoutumia. Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40. Google Meet ya bure inawapa kundi la watu zaidi ya wawili dakika 60, hadi washiriki 100. Dakika hizo 20 zinabeba mengi, kama utaratibu wa Lean Coffee unavyoonyesha.

Lean Coffee ilianza Seattle mwaka 2009 kwa Jim Benson na Jeremy Lightsmith, na kwa jumuiya changa hatujaona utaratibu unaoushinda, kwa sababu hauhitaji mzungumzaji mkuu. Watu wanaleta mada, wanapigia kura, wanazungumza kwa muda uliopimwa, muda ukiisha wanaamua kwa dole gumba: juu tuendelee, chini tuhamie mada nyingine. Kwa dakika 60 gawanya hivi: 5 za kusalimiana na kueleza utaratibu, 7 za kuandika mada, 3 za kura, kisha mada tatu kwa dakika 8 kila moja na nyongeza ya 4 kama dole likienda juu, na 6 za mwisho kila mmoja ataje kitu kimoja atakachojaribu kazini wiki ijayo. Hizo ni 57, na tatu zinabaki kwa mitandao inayokatika. Jaribu kuibana kwenye 40 na utapata mada mbili tu, kisha chumba kinafungwa usoni mwa watu katikati ya sentensi. Tumia Meet.

Mada ziandikwe kwenye hati moja iliyo wazi kwa wote au zitumwe kundini mwezeshaji azinakili. Ubao wa kuchora mtandaoni ni mzuri kwa macho ila unakula bando, na mwenye simu ya skrini ndogo anabaki mtazamaji. Mkikutana ana kwa ana rahisisha zaidi: vikaratasi vya kunata vya inchi 3 kwa 3, vitatu kwa kila mtu, na kalamu za wino mnene ili mada isomeke kutoka mita mbili. Kalamu ya kawaida ya biki huharibu zoezi zima, kwa kuwa watu huandika aya ndefu na hakuna anayeweza kuzisoma ukutani.

Vikao vya ana kwa ana visifutwe kwa sababu kundi lina kelele nyingi za furaha. Watu 17 walioandika Manifesto ya Ajaili, tamko la misingi yake, Februari 2001 walisafiri hadi Snowbird, Utah, wakakaa pamoja milimani, na moja ya kanuni zao 12 inasema mazungumzo ya uso kwa uso ndiyo njia bora ya kupeana habari. Mji mmoja mmoja ukutane kila mwezi, kanda mara moja au mbili kwa mwaka. Waliosema "nitakuja" wathibitishe tena siku moja kabla, na viti na chai vihesabiwe kwa uthibitisho huo wa pili. Ule wa kwanza ni heshima tu.

Na sasa ghala.

WhatsApp ni mto. Kinachopita kimepita. Mwanachama mpya hakuti mjadala wa mwaka jana. Hata akitumiwa ujumbe wa siku za karibuni, jibu zuri lililotolewa miezi minane iliyopita halimfikii. Kubandika ujumbe juu kunaruhusiwa kwa ujumbe mitatu, na kwa muda usiozidi siku 30. Utafutaji upo, ila unatafuta kwenye simu yako, katika yale uliyokuwepo yakisemwa. Kwa hiyo swali lile lile hurudi kila wiki, wanaojua huchoka, huacha kujibu, na kundi linabaki na wanaouliza peke yao. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyolefti: kwanza kwa kunyamaza, baadaye kwa kutoka.

Mfano unaojirudia kuliko yote ni wa vyeti vya skramu masta: nifanye PSM I au CSM? Jibu lake ni la ukurasa mmoja na linastahili kuandikwa mara moja. PSM I ya Scrum.org haikulazimishi kusoma kozi. Unalipa dola 200, unapata maswali 80 kwa dakika 60, unafaulu kwa asilimia 85, na cheti hakiishi muda. CSM ya Scrum Alliance inakutaka uhudhurie kozi ya mkufunzi wao kwanza. Mtihani una maswali 50, unahitaji 37 sahihi, kisha unahuisha kila miaka miwili kwa dola 100 na alama 20 za kujiendeleza. Kwa hiyo, mwenye bajeti ndogo na nidhamu ya kujisomea aende PSM I. Ambaye mwajiri wake analipa na anataka darasa lenye mkufunzi, CSM. Wote wawili waanze na Mwongozo wa Skramu wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waanzilishi wa skramu, toleo la Novemba 2020, kurasa 13, bure. Wafanye na Scrum Open, jaribio la mazoezi la Scrum.org, maswali 30 kwa dakika 30, bure pia, mpaka wapate asilimia 100 mara kadhaa mfululizo. Anayelipa dola 200 kabla ya kufika hapo anacheza na pesa yake.

Ukurasa kama huo uwekwe kwenye folda ya pamoja nje ya WhatsApp, na linki yake ikae kwenye maelezo ya kila kundi, mahali ambapo haisukumwi na ujumbe mpya. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, kabla hamjawa na cha kuweka. Ndani kuwe na hati ya maswali yanayorudi, orodha ya istilahi, kanuni, na kumbukumbu ya kila kikao: ukurasa mmoja, uandikwe ndani ya saa 48, utaje mada, yaliyokubaliwa, yaliyobaki, na nani ameahidi nini. Swali likiulizwa tena kundini, anayejibu atume linki. Kama jibu halimo, aliyejibu aliandike humo. Mtu mmoja apewe kazi hii kwa miezi mitatu, kisha ipokezwe kwa mwingine. Ikiwa ni ya wote haitafanywa.

Waandaaji wenyewe wawe na ubao. Trello (ubao wa kazi wa mtandaoni) ya bure tangu 2024 inaishia watu 10 kwa eneo moja la kazi, nayo ni idadi ya kutosha kwa kamati. Safu nne zinatosha: zilizopendekezwa, zimethibitishwa, wiki hii, zimekwisha. Safu ya "wiki hii" isizidi kazi mbili kwa mtu. Ni ajabu jinsi kamati za watu wanaofundisha kanbani zinavyoendeshwa bila ubao wowote, kwa sauti za dakika nne za WhatsApp ambazo hakuna anayezisikiliza hadi mwisho.

Kuna uchafu wa aina mbili utakaoingia, na kila mmoja una dawa yake. Wa kwanza ni kozi: mkufunzi mmoja akitangaza, wa pili anajibu kwa punguzo, na ndani ya mwezi kundi limekuwa soko. Kozi na nafasi za kazi zikae kwenye kundi lake, tangazo moja kwa mtu kwa wiki, bei na tarehe zitajwe. Wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu unatoka kwenye utu wetu: michango. Msiba wa mwanachama hauwezi kupuuzwa, na jumuiya isiyotoa pole si jumuiya. Lakini kundi la taaluma likiwa na orodha ya michango inayonakiliwa na kuongezwa majina asubuhi hadi jioni, mada ya sprinti haitarudi tena. Kiongozi atangaze mara moja kwenye kundi la matangazo, ataje namba ya mweka hazina, na michango yote iende huko faraghani. Harusi zibaki kwa wenyewe.

Je, kuna mbadala? Telegram inashinda kwenye kumbukumbu: kundi linaweza kufika watu 200,000, linagawanyika kwa mada, mgeni anaweza kusoma ya nyuma, na namba za simu zinafichika. Kwa sifa hizo ingepata 6 pale WhatsApp ilipopata 2. Tatizo ni kwamba watu wa benki na serikali hawaifungui mara kwa mara, na nchini Kenya ilizuiwa wakati wa mitihani ya KCSE, ya kumaliza sekondari, Novemba 2023 na tena Novemba 2024. Jumuiya iliyoko huko peke yake ilipotea siku hizo. Meetup, tovuti ya kutangazia vikao, nayo inashinda kwa kalenda, orodha ya wanaosubiri nafasi, na kuonekana na mtu asiyewajua anayetafuta kikao mjini kwake. Ila mwandaaji hulipa ada endelevu kwa kadi, jambo linalohitaji mpango; Kenya kuna kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay tangu 2022. Mwandaaji akiacha kulipa na asipatikane wa kushika nafasi yake, kundi hufungwa. Mji mkubwa kama Nairobi unaweza kuibeba gharama hiyo ukiwa na mdhamini. Kanda nzima isiitegemee.

Kitu cha mwisho cha kupima ni makabidhiano, na kipimwe mapema, kwa mfano mwezi wa sita. Mwandaaji mkuu apumzike wiki mbili kamili bila kugusa simu ya jumuiya. Wengine wajaribu kutuma tangazo, kuingiza mwanachama, kumtoa msumbufu, kufungua folda na kuhariri hati ya maswali. Kila jambo litakaloshindikana liandikwe kwenye ubao siku hiyo hiyo. Kwa kawaida yatashindikana mawili: folda itakuwa chini ya barua pepe binafsi ya mtu, na PIN ya uthibitisho wa hatua mbili itakuwa kichwani mwa mtu mmoja. Fungueni barua pepe ya jumuiya, hamishieni folda huko, na PIN iandikwe kwenye karatasi mbili, zikae miji miwili tofauti.